Siku niliyompima Dokta wetu kwa namba

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko bwana, nipo. Ila si mnajua tena mambo ya chuo: test zimebanana, bumu limechelewa, na kila mhadhiri anadhani kozi yake ndiyo pekee tunayosoma. Leo nimepata nafasi, na nina jambo limenikaa rohoni tangu wiki ya juzi. Naliandika hapa maana ni la aibu, na la aibu likiandikwa hupungua uzito.

Iko hivi. Kwenye kozi ya saikolojia ya elimu tulipewa asainimenti: kila mtu achague mwanasayansi mmoja wa ubongo ambaye kazi yake inamsaidia mwalimu kuelewa namna mtoto anavyojifunza, halafu aeleze kwa nini tumwamini. Hilo la mwisho ndilo lililotutia kwenye matatizo.

Mimi nilimchagua Brenda Milner, yule mama wa Montreal kule Kanada. Wanaosoma ualimu mnajua habari ya H.M. Mwaka 1953 kijana wa Kimarekani wa miaka 27, aliyeteswa na kifafa, alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville, akatolewa sehemu za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini hakuweza tena kushika kumbukumbu mpya. Ukiongea naye ukatoka nje ukarudi, anakusalimia upya kama hajawahi kukuona. Milner akampima. Akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, siku 3 mfululizo. Kila siku H.M. alisema hajawahi kufanya kitu kama hicho, na kila siku mkono wake ulichora vizuri zaidi! Yaani mkono ulijifunza na mwenyewe hana habari. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuelewa kwamba kumbukumbu si moja. Jina halisi la H.M., Henry Molaison, tulikuja kulijua baada ya yeye kufariki mwaka 2008.

Rumeti wangu yeye alimchagua Karl Friston wa London. Nikamuuliza, "Shosti, unaielewa kazi yake hata kidogo?" Akanijibu, "Sielewi, ila angalia namba." Akanigeuzia kompyuta. Google Scholar inaonyesha kipimo cha h cha Friston ni zaidi ya 200. Tena mwaka 2016 programu ya Semantic Scholar ilipowapanga wanasayansi wa ubongo kwa ushawishi, ilimweka yeye nafasi ya kwanza. "Sasa huyo bibi yako ana ngapi?" Milner hamkaribii. Rumeti akacheka mpaka akashika mbavu. Kwake yeye mjadala umeishia hapo: aliyeniamuru nimwamini ni namba.

Kwa ambao hamjawahi kukutana na hiki kipimo, si kigumu. Chukua kazi zote za mtu, zipange kuanzia iliyorejelewa na wenzake mara nyingi mpaka iliyorejelewa mara chache. Kisha hesabu ukishuka. Tuseme za kwanza zina 31, 9, 6, 4, 2 na 1. Ya nne imerejelewa mara 4, sawa. Ya tano ingetakiwa ifike 5, lakini ina 2. Basi simama: h yake ni 4. Maana yake ana kazi 4 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 4. Aliyekibuni ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, mwaka 2005. Yeye aliona kwamba mwanafizikia aliyefanya kazi miaka 20 akiwa na h ya 20 amefanikiwa, na mwenye 40 ni bora sana.

Hiyo mifano ya 31, 9, 6, 4 sikuitoa hewani. Ni ya Dokta wetu.

Ndiyo. Usiku ule, baada ya rumeti kunicheka, na mimi nikatafuta wa kumcheka. Nikaandika jina la Dokta anayetufundisha kozi hiyohiyo. Ikatoka 4. Bila kufikiri nikapiga picha ya kioo cha kompyuta, nikaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa: "Jamani, Friston zaidi ya 200, wetu 4. Hivi tunafundishwa na nani?" Mwisho nikaweka vile vikatuni vya kucheka machozi. Watu wakamwaga vicheko. Mmoja akaandika kwamba hata yeye asubuhi hiyo amekula chapati zaidi ya 4. Nikalala nimefurahi, niseme ukweli.

Jumanne tunaingia darasani, Dokta hajasema hata salamu. Kachukua chaki, kaandika ubaoni tarakimu moja kubwa: 4. Darasa zima kimya. Mimi nilihisi sakafu inanimeza. Kumbe kuna mtu alikuwa amemfikishia ule ujumbe.

Hakufoka. Akauliza tu, "Nani anaweza kueleza namba hii inapatikanaje?" Kimya. Watu zaidi ya 200 waliocheka, hakuna anayejua. Nikanyoosha mkono, sijui ujasiri nilitoa wapi, nikaenda mbele nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu. Akasikiliza, akasema, "Safi. Namba ni sahihi. Sasa tuichambue, kwani ninyi ni walimu, na mwalimu anaishi kwa namba."

Nitajaribu kukumbuka aliyosema, nichanganye na niliyoyasoma mwenyewe baadaye.

La kwanza, namba ya Friston ni kubwa kwa haki, lakini jiulize imekuaje kubwa. Miaka ya 1990 alitengeneza njia na programu ya kuchambua picha za ubongo, inayojulikana kwa kifupi kama SPM. Maabara nyingi sana duniani zinaitumia, na ukiitumia unamtaja. Ni kama fundi aliyetengeneza mizani nzuri ya soko: kila anayepima mchele anapitia kwake. Hiyo ni heshima ya kweli. Lakini hesabu ya wapimaji haikuambii chochote kuhusu mawazo yake mengine, yale ya namna ubongo unavyobashiri mambo. Hayo lazima uyasome.

La pili, Milner. Makala yake na Scoville ya mwaka 1957 imerejelewa maelfu ya mara. Ila kwenye kipimo cha h makala hiyo inahesabika kama moja tu. Hata ingerejelewa mara milioni, ni moja. Mtu mwenye kazi 5 zilizogeuza dunia h yake haiwezi kuvuka 5, na mtu mwenye kazi 50 za kawaida anampita. Kipimo hiki kinampendelea mwenye nyingi na aliyekaa muda mrefu kuliko mwenye moja nzito.

La tatu ndilo lililonishtua. Kurejelewa si kuwa kweli. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa ugonjwa wa Alzheimer uliodai kuonyesha protini fulani inavyoharibu kumbukumbu za panya. Ukarejelewa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2022 jarida la Science likaandika kuhusu mashaka kwamba picha zake zimechezewa, na mwaka 2024 makala ikaondolewa rasmi. Marejeo yote hayo yalihesabiwa kama sifa. Hata anayekutaja ili kukupinga anakuongezea namba! Mashine haijui kusifia na kusuta.

Hirsch mwenyewe, mwaka 2020, aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Na kabla ya hapo wanasayansi walishakutana San Francisco mwaka 2012 wakatoa azimio wakiomba watafiti wasipimwe kwa umaarufu wa jarida walilochapisha, bali kazi yao isomwe. Sisi tulizoea Azimio la Arusha, kumbe na San Francisco wana lao.

Kisha Dokta akafungua mkoba wake. Akatoa vitabu 3 vya Kiswahili, vimechakaa, vya kufundishia walimu wa shule za msingi. Akasema, "Hivi niliandika mimi. Nani alivisoma chuo cha ualimu kabla ya kuja hapa?" Mikono ikanyooka. Si miwili mitatu, mingi tu. Akasema, "Mmevisoma, mmevifundishia, hamkuvirejelea popote kwa sababu mwalimu wa darasa la pili haandiki makala ya Kiingereza. Kwenye ile hesabu yenu vitabu hivi ni sifuri."

Nilidhani ataishia hapo tumwonee huruma. Hapana. Akaendelea, "Ila msinitetee sana. Ile 4 nayo inasema ukweli fulani. Kuna miaka sikufanya utafiti kabisa. Nilikuwa na kozi nyingi na mitihani mamia ya kusahihisha, lakini wenzangu wenye mzigo uleule waliandika. Namba haikunionea kwa yote. Ilinionea kwa nusu." Halafu akafuta ubao, akaanza somo.

Jioni nikaenda ofisini kwake. Nilizunguka mlangoni kama mara tatu hivi. Nikabisha.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Dokta, ule ujumbe wa kwenye grupu niliandika mimi. Naomba radhi."

Akavua miwani. "Najua. Uliandika Friston kwa herufi e. Kwenye asainimenti yako ya mwezi uliopita ulikosea vilevile."

Nikacheka huku machozi yananilenga. Akanirudishia kazi yangu, akasema, "Andika upya. Namba uweke, sijakukataza. Ila niambie imetoka wapi, imehesabu nini na imeacha nini."

Sasa wandugu, ningeishia hapo, ila kuna kingine, na ndicho hasa kilichonifanya niandike. Nikiwa narudi hosteli nilimkumbuka kijana mmoja wa kidato cha pili, nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka jana. Nilikuwa nafundisha Biolojia, darasa lina wanafunzi 71. Huyu kijana ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake wa dawati la nyuma fotosinthesisi kwa Kiswahili, akitumia mfano wa mama ntilie: jua ni moto, maji na hewa ni unga na sukari, jani ni sufuria. Nilimsikia nikasema moyoni, huyu ananizidi kueleza. Ukaja mtihani, kwa Kiingereza, akapata 19. Kwenye ripoti nikaandika: wa 69 kati ya 71. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika neno moja: "Ajitahidi."

Ajitahidi! Mimi niliyemsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa na mstari mzima wa kuandika, nikaujaza kwa neno ambalo lingemfaa mtu yeyote. Ile 69 haikuwa uongo, kwenye mtihani ule alikuwa wa 69. Lakini mzazi wake alipoifungua ile karatasi hakuona jani wala sufuria. Aliona alichokihesabu mtihani, na kilichoachwa hakuna aliyemwambia, ingawa aliyekijua nilikuwepo.

Sijui yuko wapi sasa. Siwezi kurudi kuisahihisha ile ripoti. Rumeti ananiambia naikuza sana, mwalimu wa watu 71 hawezi kuandika insha kwa kila mmoja. Ana hoja. Nimepiga hesabu: sentensi moja ya kweli kwa kila mtoto, dakika 2, ni kama saa 2 na nusu. Ni jioni moja. Sasa nikiwa na madarasa manne je? Hapo ndipo ninapokwama, na nadhani ndipo dunia nzima ilipokwama mpaka ikaangukia kwenye kipimo cha h. Kumsoma mtu kunachukua muda, namba inapatikana kwa sekunde.

Mwezi wa saba natarajia kwenda tena mazoezi. Walimu mlio kazini mnaosoma hapa, nisaidieni: mnafanyaje? Mnawezaje kuandika zaidi ya "ajitahidi" bila kukesha? Sitaki majibu ya kwenye vitabu, nataka ya kwenu.

Na rumeti wangu, kwa taarifa yenu, ameanza kumsoma Friston. Juzi saa tano usiku nimemkuta amelala juu ya kurasa. Kaniambia bado haelewi, lakini sasa anajua ni nini haelewi.

Ngoja nikawahi foleni ya kafteria, leo ni wali maharage na ukichelewa unakuta ukoko. Tuonane panapo majaliwa.