Kabla ya Tarehe 7

Kila mwezi mpya ulipoanza, nesi anayeandika kumbukumbu hizi alihama chumba. Aliacha kitanda cha kupimia wajawazito akaenda kukaa stoo, katikati ya maboksi ya glavu, maana huko ndiko kulikokuwa na meza pana ya kutandaza rejista. Ripoti ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ilitakiwa wilayani kabla ya tarehe 7. Za wafadhili zilikuwa na tarehe zao.

Aliajiriwa mwaka 2004, mwaka ambao Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza VVU. Aprili ya mwaka huohuo, mjini Washington, wafadhili wakubwa na UNAIDS walikubaliana kwamba kila nchi iwe na mpango mmoja wa UKIMWI, chombo kimoja cha kuusimamia na mfumo mmoja wa kufuatilia. Katika kituo chake, Nyanda za Juu Kusini, makubaliano hayo hayakuonekana mezani. Mjamzito mwenye VVU aliandikwa kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA, kwenye kadi ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo), kwenye rejista ya mradi uliolipia vipimo, na tena kwenye daftari la mradi uliowalipa washauri nasaha. Mtu mmoja, mara nne.

Mwaka wa fedha wa serikali ulifungwa Juni, wa Wamarekani Septemba. Hata neno “mtoro” halikutulia: PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilimhesabu mgonjwa kuwa amepotea siku 90 baada ya miadi aliyokosa, baadaye ikashusha hadi 28.

Siku asiyoisahau ni ya mwisho wa robo mwaka mmoja. Mama mwenye ujauzito wa miezi saba alifika asubuhi, mtoto mwingine mgongoni, miguu imejaa vumbi la njia ndefu. Simu ya mradi ilikuwa imeshalia mara tatu ikidai idadi. Nesi akamwomba asubiri. Saa nane mchana yule mama alichungulia stoo.

“Sista, acha niwahi mvua. Nitarudi.”

Hakurudi. Katika ripoti iliyoondoka jioni ile alihesabiwa miongoni mwa wanaoendelea na dawa, kwa kuwa kwa kanuni ya fomu siku zake zilikuwa hazijatimia. Ripoti ilisifiwa kwa kuwahi. Wiki tano baadaye nesi alipanda bodaboda kwa nauli yake, akamkuta nyumbani, chupa ya vidonge tupu juu ya kabati. Alimrudisha kliniki kwa kumsihi, na lawama ya siku ile anaibeba mpaka leo.

Namba zikishafungwa kwenye fedha, hupinda. GAVI, ubia wa kimataifa wa chanjo, iliwahi kuzilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyeripotiwa kuchanjwa. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliogusa nchi 51 zilizokuwa kwenye mpango huo: kwa ripoti rasmi, watoto wa ziada walikuwa milioni 13.9, kwa tafiti za kaya, milioni 7.4.

Hata hivyo nesi huyu hazichukii takwimu. Kituo chake kilipata nafuu kubwa pale karani wa takwimu alipoanza kumletea, kila Jumatatu, orodha ya wagonjwa waliokosa miadi wiki iliyopita. Namba zilezile zilizokuwa zikisafiri kwenda ng’ambo zilirudi kwa mtu anayeijua njia ya kwenda kwa mgonjwa. Wengi walirejea kwenye dawa kwa orodha hiyo.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi sasa zinajadili upya nani atalipia nini. Fomu mpya zitaandikwa. Nesi huyu anaiomba wizara na wafadhili: kabla ya kuongeza safu moja kwenye rejista, wafute nyingine, na waseme ni nani atakayempima mjamzito wakati safu hiyo inajazwa.