Barua kutoka Marekani: Mzee Asikatiwe Njia ya Msalani

Kwa wasomaji wa Kalinzi, mkoani Kigoma.

Katika nyumba za kulelea wazee nchini Marekani, ambamo Waafrika Mashariki wengi hupata ajira ya uhudumu, kazi inayojirudia kutwa nzima ni kumpeleka mzee msalani. Wengi wanaotunzwa humo wana dimenshia, yaani hali ya ubongo kudhoofika, mara nyingi kutokana na ugonjwa wa Alzheimer, hata kumbukumbu, lugha na uamuzi vikapungua. Nao aghalabu hujikojolea si kwa kuwa kibofu kimeharibika, bali kwa kuwa wamesahau choo kilipo au hawawahi kufungua mkanda.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, inazitaka nyumba hizo zilinde uwezo alioingia nao mzee, ukiwamo wa kujizuia haja, isipokuwa pale maradhi yenyewe yanapouondoa. Njia mojawapo ni ile iliyochunguzwa na mtafiti John Schnelle na wenzake tangu miaka ya 1980, ambapo mhudumu humwendea mzee kila baada ya saa mbili hivi mchana, humuuliza kama ni mkavu, humkumbusha choo, humsaidia akikubali, kisha humsifu. Haiwafai wote, na hukwama wahudumu wanapokuwa wachache, ndipo pampasi huvalishwa hata anayejiweza, naye kwa kutopelekwa huishia kutokwenda msalani kabisa.

Mhudumu mzoefu hangoji kuambiwa. Mzee anayevutavuta suruali au kuhangaika huku na huko baada ya chai ya asubuhi, wakati tumbo linapoamshwa na chakula, huongozwa kwa agizo moja moja: simama, shika hapa, shusha suruali, keti. Suruali yake ni ya mpira kiunoni, kiti cha choo kina rangi isiyofanana na sakafu, na mlangoni pana picha.

Kalinzi, ambako mzee hulelewa na wanawe na wajukuu, na choo mara nyingi kiko nje, mengi ya hayo yanawezekana kwa gharama ndogo: mlango wa choo upakwe rangi ya peke yake, ufito wa kushikia ufungwe njiani na ukutani, kiti kilichotobolewa kiwekwe juu ya tundu, na ndoo yenye mfuniko iwe karibu na kitanda usiku. Kumnyima maji ili asilowe ni kosa, kwani huleta choo kigumu na huweza kuchochea maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo humzidishia mkanganyiko. Anayeanza kujikojolea ghafla apelekwe kituo cha afya kabla ya kudhaniwa kuwa ni uzee tu.

Zaidi ya yote, asigombezwe mbele ya wajukuu. Aliyesahau njia ya choo hajasahau aibu.