Betri Niliyoiua kwa Mdomo

Stima haikupotea usiku ule. Diski haikuguswa na chochote. Nilifuta mimi, kwa vidole vyangu, halafu vijana wanne nikawadanganya nikiwatazama usoni.

Mimi ni karani wa uwakala wa forodha huku Changamwe. Mchana nashinda na makaratasi ya makontena. Jioni, mara tatu kwa wiki, nilikuwa nikifundisha data katika chumba cha kuazima Mishomoroni, Kisauni. Nilitaka vijana wazishike zana za wakubwa: daftari la Jupyter, Spark ya kuchakata data, na Iceberg, mfumo wa majedwali uliozaliwa Netflix mwaka 2017 na mwaka uliofuata ukakabidhiwa wakfu wa Apache. Vyote hivyo vyaweza kukaa ndani ya laptopu moja, bila kukodi seva ya mtu, ukivipakia kwa Docker. Na Docker huviita vifurushi vyake makontena. Hapo kichwa kikanivimba: kontena? Si ndiyo kazi yangu hiyo?

Kuvipata ndiko kulikokuwa shughuli. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kutoka baharini tangu 2009, lakini gigabaiti kadhaa za Spark si za bando la karani. Nilizipakua ofisini baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya nusu mdomo, nikazifunga kwa docker save na kuzitia kwenye flashi. Flashi ikapanda feri nami kwenda kulala Likoni, kesho yake ikavuka tena, ikaingia matatu ya Kisauni.

Data tulijitafutia wenyewe. Msichana mmoja, ambaye mamake huuza nazi Kongowea, alipita sokoni kila alfajiri kuuliza bei: gunia la viazi, kreti ya nyanya, nazi mia. Aliandika kwa penseli nyuma ya risiti, akifika darasani anaingiza. Wiki 5. Siku moja nikamwambia, kwa kiburi ambacho hadi leo nakisikia masikioni: "Tupa makaratasi hayo. Sasa tuna ziwa la data." Akayatupa.

Iceberg nilikuwa nimewasifia hadi povu. Kila ukiandika kitu, inaweka picha ya jedwali lilivyo wakati huo. Unaweza kuuliza bei za Jumanne iliyopita hata kama leo umezifuta. Ni kweli tupu. Ila picha zetu hizo zilitegemea mafaili yaliyokaa ghala moja na data yenyewe. Hilo sikuwaambia, kwa sababu sikuwa nimelifikiria.

Usiku huo, Likoni, laptopu ilikuwa nzito. Nikataka kuzima makontena yote, tena niyaone yakizimika moja moja. Programu nyingi ukiziwekea -v hukueleza kila hatua. Nikaandika docker compose down -v. Kumbe hapa v ni ya volyumu, yaani ghala la nje ambamo vitu hubaki hata kontena lenyewe likitupwa. Skrini ikaanza kuorodhesha: hili limeondolewa, lile limeondolewa, na miongoni mwao ghala letu. Haikufika hata muda wa kupiga chafya. Jedwali, picha zake, madaftari ya wanafunzi, vyote. Na mimi ndiye mtu ambaye mchana kutwa huwakumbusha madereva kwamba kontena tupu halirudishwi kabla mzigo haujashushwa!

Ningesema kweli, ingekuwa aibu ya jioni moja. Nikasema stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, diski ikala data. "Pole, mwalimu," wakasema watatu. Yule wa nazi akauliza, "Lakini laptopu si ina betri?"

"Betri ilikufa zamani," nikajibu.

Basi ikabidi betri ife. Betri nzima ya saa 3! Kila jioni nikawa wa kwanza kutafuta soketi. Mara moja hata nilimwomba mama wa nyumba asimamishe pasi yake. Wiki 3 nikaishi hivyo. Msichana naye alirudi Kongowea na penseli yake, akaanza upya. Safari hii risiti hakuzitupa. Alizibana pamoja kwa kibanio cha nywele, na kila nikikiona kibanio kile mate yanakauka.

Alhamisi moja, baada ya magharibi, stima ikapotea kweli. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Mtaa mzima ukaguna. Mezani laptopu ikaendelea kuwaka kama kawaida, mwanga wake ukimulika nyuso nne.

Hakuna aliyesema kitu. Halafu yule msichana akasogeza risiti zake karibu na skrini apate kuzisoma.

"Mwalimu," akasema taratibu, "betri imefufuka."

Nikafunga mlango, maana majirani walikuwa wametoka barazani, nikaanza na ile herufi.