Maji Hayajaiva

Bweranyange, Karagwe
12 Machi 2023

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako kutoka Omurushaka niliipokea juzi, nikaisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, kwa kuwa nimejua umenunua tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo na kwamba wanao wamekwisha kuligombania kwa macho, na mara ya pili kwa wasiwasi, kwa kuwa umeniambia ya kwamba maji umeyatia Jumatatu na samaki kumi utawanunua Jumapili, ili watoto wawakute wakirudi kanisani. Nakusihi, mwihwa wangu, kwa haki ya ujomba ulio baina yetu, safari hiyo ya Jumapili usiifanye. Tangi lako liko tayari, lakini maji hayajaiva.

Najua neno hili litakushangaza, kwa maana maji hatuyapiki wala hayana msimu wa kuvunwa. Lakini mimi nililijifunza kwa hasara. Nilipokuwa kijana nikifundisha Bukoba, nilinunua samaki wanane wadogo, nikawatia katika tangi jipya lenye maji yaliyong'aa hata ungeweza kusoma gazeti kwa kuchungulia ng'ambo ya pili ya kioo. Siku ya nne niliwaona wote wamepanda juu, wakipumua kwa haraka midomo ikigusa hewa, na matamvua yao yamekuwa mekundu kama buni iliyoiva; nami, kwa kudhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya tisa hakusalia hata mmoja, na maji yalikuwa bado yanang'aa vilevile. Nilikaa na huzuni ile muda mrefu kabla sijapata kujua ya kwamba niliwaua kwa mikono miwili: kwanza kwa haraka yangu, na pili kwa huruma isiyo na maarifa.

Sababu yake ni hii. Samaki, maadamu yu hai, hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachosalia pamoja na kinyesi chake vikioza huongeza amonia hiyo hiyo; nayo ni sumu, ijapokuwa haionekani kwa macho. Katika ziwa au mto, sumu hiyo humezwa na wingi wa maji na kazi ya viumbe wasiohesabika, lakini katika sanduku la kioo haina pa kwenda. Mwenyezi Mungu kwa hekima yake ameumba bakteria wadogo mno ambao riziki yao ni amonia: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kali kwa samaki, na kundi la pili huipokea nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia ikiwa si nyingi. Mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria hawa na kuieleza kazi yao, takriban mwaka 1890. Sasa watumishi hawa huishi wameganda juu ya mawe, mchanga na hasa katika sponji ya chujio, nao huongezeka polepole sana. Katika tangi jipya karibu hawapo kabisa. Kuivisha maji, basi, ni kuwangoja watumishi wafike, wazaliane na kuzoea kazi, kabla ya kuwaleta wenye nyumba.

Ukiona elimu hii ni ngeni, nenda nyuma ya nyumba ya bibi yako ukaitazame migomba katika kibanja. Wewe umekua ukimwona akizoa samadi ya ng'ombe kila asubuhi, lakini hukumwona hata siku moja akiipeleka mbichi kwenye shina la mgomba, kwa kuwa ajua itauunguza. Huilundika shimoni pamoja na majani, huiacha mpaka harufu yake ya kuwasha pua imetoweka na yenyewe imekuwa nyeusi na laini kama udongo, ndipo huichukua na kuitandaza. Harufu ile ya kuwasha ni amonia, na waliopo shimoni na udongoni wakiigeuza kuwa chakula cha mgomba ni jamaa ya hao hao nikuambiao. Wazee wetu hawakuwajua kwa majina, lakini waliwapa muda wao. Na kwa muda huo vibanja vyetu vimezaa ndizi kizazi baada ya kizazi.

Muda wenyewe ni kadiri gani? Aghalabu ni wiki 4 hadi 8, na kwetu huku kwenye nyanda za juu, pasipo hita, huelekea kurefuka, kwa sababu bakteria hawa hulegea katika baridi. Usiuone kuwa mrefu, maana mji huu inakotoka barua hii umepata kumfundisha subira mgeni mwenye haraka kuliko wewe. Novemba 1861, mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapa Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, akili yake yote ilikuwa mbele, kwenye chanzo cha Nili. Lakini njia ilipita Buganda, na hapana mtu aliyeweza kuingia huko ila kwa idhini ya mfalme wake, Mutesa. Basi pamoja na bunduki zake na zawadi zake alikaa, akakirimiwa, akalitazama ziwa lililo chini ya ikulu, mpaka wajumbe wa Mutesa walipomjia na akaondoka Januari 1862, baada ya wiki zaidi ya 6. Mwenye nchi ndiye mwenye kutoa idhini. Katika tangi lako mwenye nchi ni bakteria, na idhini yake utaisoma katika vipimo.

Sasa nikupe utaratibu, uufuate kama ulivyo. Tangi lako, kwa vipimo ulivyoniandikia, lina sentimita 60 kwa urefu, 30 kwa upana na 35 kwenda juu, yaani lita 63 likijaa pomoni; pamoja na kioo, mchanga na mawe, uzito wake utakaribia kilo 80. Kwa hiyo usiliweke juu ya kimeza cha redio, bali juu ya meza imara iliyo sawasawa, mbali na dirisha linaloingiza jua, kwani jua huotesha mwani wa kijani. Mchanga uoshe kwa maji matupu mpaka maji yatoke safi, na sabuni isikaribie kitu chochote kitakachoingia humo, wala ndoo uliyofulia.

Kuhusu maji, ya bomba yakiwa yametiwa klorini yaache katika chombo cha wazi mchana na usiku, kwa kuwa dawa ile iliyowekwa ili iue vijidudu vya maradhi haichagui, nayo itawaua na watumishi wako. Ya mvua, ambayo najua ndiyo unayoyakinga, usiyatumie peke yake: hayana chumvichumvi za ardhini, na bakteria wakifanya kazi ndani yake hugeuka machachu upesi mpaka kazi yenyewe inasimama; basi yachanganye na ya chemchemi, na yale ya mvua ya kwanza yaliyoosha vumbi la bati yamwage. Kisha washa chujio na hita, joto likae kwenye nyuzi 25 au 26.

Hapo, badala ya samaki, tia kila siku chembe chache za chakula cha samaki, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, nacho kitaoza na kutoa amonia ya kuwalisha watumishi. Baada ya siku kadhaa pima. Kwa vipimo vya aina niliyo nayo mimi, matone yakitiwa katika kichupa cha maji yakabaki manjano, amonia hakuna. Yakiwa kijani, ipo. Utaiona ikipanda, kisha ikishuka huku nitriti ikipanda na kichupa chake kikitoka buluu kuwa zambarau. Na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani kazi imekwisha, ilhali wamefika nusu ya njia. Kazi imekwisha siku ile utakapotia chakula leo, ukapima kesho, ukakuta amonia haipo na nitriti haipo, na nitrati ndiyo iliyosalia. Badilisha nusu ya maji, uende sokoni kwa amani.

Ikiwa wataka kuifupisha safari kwa njia ya halali, ipo moja. Wajua mama akitaka maziwa yagande upesi huacha mabaki kidogo ya jana katika kibuyu, yakayafundisha mapya. Vivyo hivyo, omba kwa mtu mwenye tangi kongwe na lenye afya kipande cha sponji ya chujio lake, ukisafirishe kikiwa na unyevu, ukitie katika chujio lako. Na kwa sababu hiyo hiyo, usije ukaiosha sponji yako chini ya bomba. Ikamulie katika ndoo ya maji uliyotoa tangini. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiwalishe samaki, na uchote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, ili hewa iingie.

Samaki wa kwanza wawe wanne tu, na wawe gapi, ambao ni wadogo na wavumilivu. Ngoja wiki mbili ndipo uongeze. Walishe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Kila wiki toa robo ya maji, utie mengine yenye joto lilelile. Na yale uliyotoa usiyamwage barabarani, bali yapeleke kwenye mgomba, kwani yamebeba ile nitrati ambayo mgomba huitamani.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Samaki uliyemchoka usimtupe mtoni wala ziwani, hata awe mmoja. Sisi wa Kagera tumeyaona madhara ya kiumbe kutiwa katika maji yasiyo yake. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na alipofurika katika miaka ya 1980, furu wa ziwa lile, wale wadogo ambao majike yao hulea mayai na vitoto vinywani mwao, walitoweka kwa spishi zinazokadiriwa kufikia 200. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji yalishuka kutoka Rwanda kwa mto huu huu wa Kagera unaopita mpakani mwetu, yakaziba fukwe na bandari. Tena fahamu hili, uone thamani ya kitu ulicho nacho sebuleni: baadhi ya spishi za furu ambazo ziwani hazionekani tena zimehifadhika hata leo katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, kwa watu wanaopima maji yao kila wiki. Umma wa samaki uliopotea katika ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani umesalimika katika maji ya kadiri ya tangi lako, kwa uangalifu wa binadamu.

Kwa hiyo tangi lile ni amana, mpwa wangu. Waambie watoto ukweli: Jumapili hii hakuna samaki, bali kila mmoja atapewa siku yake ya kutia chembe za chakula na siku yake ya kuhesabu matone, na rangi za vichupa ziandikwe daftarini pamoja na tarehe. Daftari hilo likifika ukurasa unaosema amonia hakuna na nitriti hakuna, niletee nilione kwa macho yangu, kisha twende pamoja kuwachagua hao wanne.

Mimi mjomba wako akupendaye.