Ile Hela, Tuma kwa Namba Hii



Wapendwa wasomaji, tafakari yetu ya wiki hii haitokani na kitabu kikubwa. Inatokana na ujumbe mfupi ambao karibu kila Mtanzania mwenye simu ya mkononi ameupokea walau mara moja: "Ile hela tuma kwa namba hii, jina litakuja la fulani." Ujumbe huo hauna salamu. Hausemi anayedai ni nani, anadai kiasi gani, wala anadai kwa sababu gani. Hapa kwetu Bunda umewafikia wavuvi, wauza mahindi, walimu, watawa, na hata sisi mapadre, ambao hela tunayodaiwa mara nyingi ni ile ya saruji.

Sote tunajua kwamba ujumbe huo umekuwa utani wa taifa. Watoto wanautamka kama methali. Vijana wanawajibu wezi kwa vichekesho, kisha wanaonyeshana majibu hayo. Yuko mzee mmoja wa kigango chetu ambaye kila anapoupokea hujibu kwa utaratibu kabisa: "Mwanangu, shikamoo umemwachia nani? Hela ipi, ya ng'ombe au ya mahindi? Baba yako hajambo?" Anasema hajawahi kujibiwa hata siku moja, na kwamba wezi wa zamani walikuwa na adabu zaidi, kwa kuwa walau walikuja usiku kwa kunyata.

Tumecheka pamoja naye. Hata hivyo, kicheko hicho kina upande wa pili, na huo ndio tunaotaka kuutazama leo.

Katika mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo yuko mama anayeuza dagaa. Alikuwa amekopa kwa mtu ada ya mtoto wake, wakakubaliana kwamba atairudisha siku ya Ijumaa. Ijumaa ilipofika, akiwa sokoni anapima dagaa huku wateja watatu wakimwita kwa wakati mmoja, ujumbe ukaingia. Akamaliza kumpimia mteja, akafuta mikono kwa khanga, akatuma shilingi 180,000. Jioni mdai wake halisi akapiga simu kumkumbusha.

Habari zikaenea. Wiki iliyofuata mama huyo alipofika kwenye sala ya jumuiya, mmoja wa vijana akasema kwa sauti: "Mama, ile hela tuma kwa namba hii!" Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha hakuonekana kwa majuma matatu. Tulipokwenda kumtembelea alituambia maneno haya: "Padre, hela iliniuma siku mbili. Kicheko kinauma mpaka leo." Tukamuuliza kama alitoa taarifa popote. Akasema hapana, kwani aliona aibu.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: je, mama huyu ni mjinga? Kicheko chetu kinasema ndiyo. Sisi tunasema hapana, na tunazo sababu tatu.

Sababu ya kwanza: alikuwa mtu wa ahadi. Tazameni jinsi mtego huo ulivyotengenezwa. Mwizi hutuma ujumbe kwa maelfu ya watu asiowajua, kama kokoro lile lililopigwa marufuku ziwani kwa sababu linazoa kila kitu pamoja na vifaranga. Je, kokoro hilo linamnasa nani? Asiyedaiwa hulipita. Anayedaiwa na hana nia ya kulipa hulipita pia, tena akicheka sana. Anayenaswa ni yule aliyekuwa na hela mkononi na deni moyoni, akitafuta njia ya kutimiza neno lake. Ni jambo la kusikitisha kwamba uaminifu ndio uliogeuzwa kuwa chambo.

Sababu ya pili: mwili wake ulikuwa sokoni, bali akili yake ilikuwa mahali pengi. Hapa hakuna mwenye haki ya kumrushia jiwe. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa ile ya 5. Katika kitabu cha 10 anasimulia jinsi akiwa ameketi nyumbani, mjusi anayekamata inzi au buibui anayewanasa katika utando wake anavyoweza kuiteka akili yake yote. Mwalimu mkubwa wa Kanisa alishindwa na mjusi! Na mjusi wa Hippo hakuwa na mwanga wala mlio, wala hakutetemeka mfukoni. Sisi tunao mjusi wa namna hiyo kila mmoja, tunamlipia vocha, na usiku tunamlaza kando ya mto. Wapo wanaosikia simu yao ikilia Bongo Fleva katikati ya Misa, nao hukaa kimya wakitazama mbele kwa ibada kubwa ili isijulikane ni ya nani.

Sababu ya tatu ndiyo iliyotushughulisha zaidi: ujumbe wa mwizi ulifanana na ujumbe wetu. Kabla ya huduma ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, hela nyingi zilisafiri mkononi mwa mtu. Ziliwekwa katika bahasha, zikapewa kondakta wa basi au jirani anayekwenda Musoma au Mwanza. Ziliposafiri zilifuatana na salamu. Katika mila zetu, awe Mjita, Mkurya, Mwikizu au Msukuma, hakuna anayedai hela yake kabla ya kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua. Tulidhani salamu hizo ni mapambo tu. Kumbe zilikuwa pia mlango wenye komeo. Mgeni asiyekujua alinaswa katika swali la tatu, pale alipouliza habari za baba yako aliyefariki miaka saba iliyopita.

Simu ilipokuja tulianza kubana maneno ili tubane gharama. Gharama zikashuka, maneno hayakurudi. Leo baba humwandikia mwanawe, "Tuma leo." Mwana hujibu, "Poa." Mwizi hakubuni lugha mpya. Alitusikiliza, akaiga. Mahali ambapo ndugu huandikiana kama wasiojuana, asiyetujua anaweza kujifanya ndugu.

Vizuizi vimewekwa, nasi tunashukuru. Kabla hujathibitisha muamala, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Mwizi naye akajifunza kulitaja jina hilo mapema, ili likitokea lisikushtue. Mwaka 2019 tulipanga foleni kusajili laini zetu kwa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Ujumbe ukaendelea kuja. Wapo watu ambao vidole vyao vilitumika kusajili laini wasizozijua. Mashine inaweza kutambua kidole ni cha nani. Haiwezi kutambua moyo unakusudia nini.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa neno la Kilatini conscientia. Kwa Kiswahili tunahitaji maneno mawili kulieleza: ufahamu, yaani kuwa macho na kujua unalotenda, na dhamiri, yaani ile sauti ya ndani inayohukumu unalotenda. Neno lenyewe limeundwa kwa sehemu mbili zenye maana ya kujua pamoja. Tunaona hekima katika hilo. Mtu akijua peke yake, huku mkono ukifanya haraka na akili ikiwa mbali, hudanganyika kwa wepesi. Akimgeukia jirani wa meza ya pili sokoni na kusema, "Hebu soma hapa," usingizi huo huvunjika. Lakini ni nani atakayemgeukia jirani, kama anajua kwamba jirani atamcheka?

Hapo ndipo kicheko chetu kinapokuwa mshirika wa mwizi. Aliyeibiwa hunyamaza, namba iliyomwibia haitolewi taarifa, na kesho inamwibia mwingine. Mwizi hahitaji kuficha nyayo zake, sisi tunamfichia.

Mtatuuliza: je, Padre anakataza utani? Hasha! Sisi ni Watanzania, na utani ni urithi wetu. Wanyamwezi na Wasukuma waliosafiri na misafara kwenda pwani katika karne ya 19 wakawa watani wa Wazaramo, na mpaka leo wanataniana bila kuombana radhi. Lakini utani wa wazee wetu ulikuwa na mzigo wake. Mtani aliyekucheka ndiye huyo huyo anayefika mapema msibani kwako, anashika jembe, anasaidia kuchimba kaburi na kukufariji kwa mzaha. Haki ya kumcheka mtu ilikwenda pamoja na wajibu wa kumbeba. Tukimcheka aliyeibiwa, kisha kila mmoja akaenda zake, huo haustahili kuitwa utani. Yule kijana wa jumuiya angechangisha hata shilingi 20,000 za kupunguza deni, tungempa ruhusa ya kutania mwaka mzima.

Jambo hili litazidi kuwa zito. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alieleza programu aliyoiita ELIZA, iliyowajibu watu kwa kuwarudishia maneno yao kama maswali. Alishangaa kuona watu wakiielezea mambo yao ya ndani. Katibu wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Leo akili mnemba inaandika Kiswahili chenye salamu nzuri, na inaweza kuiga hata sauti ya mtoto wako akilia kwamba ni mgonjwa. Mwizi wa kesho atakuamkia shikamoo. Atakachokosa ni historia yenu ya pamoja: jina la ng'ombe mliyemuuza, shamba lililofurika, aliyewapatanisha siku ile mlipogombana.

Kwa hiyo, wapendwa, tunapendekeza mambo machache. Ukidai au ukidaiwa, andika jina lako, kiasi, na salamu; ni adabu na ni ulinzi. Ukipokea dai, mpigie mdai wako kwa namba unayoijua wewe, umuulize jambo la nyumbani. Namba ya mwizi itume kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili hiyo, na kwa *106# hakiki ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Na katika jumuiya zetu, atakayekuja na habari ya kuibiwa asikilizwe kwanza mpaka amalize. Kicheko kinaweza kusubiri chai.

Tunawatakia wiki njema yenye akili iliyo macho. Na wale mnaodaiwa mchango wa saruji, hiyo ni hela ya kweli: ileteni ofisini kwa mkono, tusalimiane.