Kijiji cha msituni kilichowalaza watoto mbali na mama zao

Ukiwa Mmoravian wa Mbozi, jina Herrnhut umelisikia kanisani, hata kama hujui liko upande gani wa Ulaya. Bibi yangu wa Nanyala hulitaja kama watu wengine wanavyotaja kijiji walikotoka wajomba zao. Hajawahi kufika, na mimi pia sijafika. Lakini tangu mwaka huu dada yangu alipoanza kutafuta bweni la kumpeleka mwanawe wa miaka saba, nimekisoma sana kijiji hicho, kwa sababu kilishapitia jambo linalotusumbua sisi.

Herrnhut ipo mashariki mwa Ujerumani, katika jimbo la Saxony, karibu na mipaka ya Poland na Czech. Ilianza na mti mmoja. Tarehe 17 Juni 1722 seremala aitwaye Christian David aliukata mti wa kwanza msituni, chini ya kilima cha Hutberg, kando ya barabara ya kutoka Löbau kwenda Zittau. Kwa maana hiyo nacho ni kijiji cha barabarani, kama Nanyala inayolala ikisikiliza malori ya Tunduma. Wenzake walikuwa wakimbizi kutoka Moravia, watu waliobanwa kwa ajili ya imani yao, na ndiyo asili ya jina Moravian. Aliyewapa ardhi ni kabaila wa miaka 22, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf.

Huyu Zinzendorf alilelewa na bibi yake. Baba alifariki mtoto akiwa na wiki chache tu, mama akaolewa tena na kuondoka, mtoto akabaki kwa bibi. Alipofika miaka kumi akapelekwa shule ya bweni mjini Halle. Baadaye yeye na mkewe Erdmuthe walipata watoto 12, na wanne tu ndio waliofika utu uzima. Nikiwa mwandishi wa habari za afya, takwimu hiyo hunisimamisha kila ninapoisoma, maana hawa walikuwa watu wenye ardhi na watumishi.

Kijiji kilikua haraka na kikapenda utaratibu. Mwaka 1727 wanakijiji walipangana zamu za maombi saa kwa saa, usiku na mchana, na zamu hizo zikaendelea kwa takriban miaka mia moja. Mwaka uliofuata wakaanza kupeana neno moja la Biblia kila siku, na tangu 1731 maneno hayo huchapwa kitabu kila mwaka hadi leo. Hata wafu walipangwa. Kwenye makaburi ya Hutberg mawe yamelazwa chini, yanafanana, ya tajiri na ya fundi viatu, isipokuwa makaburi ya familia ya Zinzendorf yaliyoinuliwa katikati. Wanaume wana upande wao na wanawake wao. Mume na mke hawazikwi pamoja.

Na walio hai waliishi karibu hivyohivyo. Jamii iligawanywa katika makundi kwa umri, jinsia na ndoa: vijana wa kiume wasiooa nyumba yao, wasichana yao, wajane yao. Watoto nao. Bethlehem, mji ambao Wamoravian waliujenga Pennsylvania, Marekani, mtoto akishaachishwa ziwa alihamia nyumba ya malezi ya pamoja ili wazazi waendelee na kazi ya Mungu. Waliofanya hivyo hawakuwa wakatili. Waliamini mtoto atalelewa vizuri zaidi na watu waliopewa kazi hiyo tu.

Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa tayari Mbozi kwa Wanyiha. Mmoja wao, Traugott Bachmann, alijifunza Kinyiha mpaka akatafsiri Agano Jipya. Tunajua walichotuletea: shule, dawa, kanisa. Kisichosimuliwa sana ni walichokiacha. Desturi ya wamisionari wa Herrnhut ilikuwa kuwarudisha watoto wao Ujerumani wakifika umri wa kuanza shule, wakae mabwenini Kleinwelka na Niesky. Safari ilikuwa ya meli, na barua ilichukua wiki nyingi. Mama aliyewasaidia wanawake wengine kulea alikuwa akimfungia wa kwake sanduku la safari, na wakionana tena, mtoto angekuwa na sauti nyingine.

Wamoravian wana mila ya kuandika wasifu wao wenyewe, ukasomwa siku ya mazishi kama tusomavyo wasifu wa marehemu huku kwetu. Maelfu yamehifadhiwa kwenye nyaraka za Herrnhut. Hata sehemu kubwa ya katikati ya kijiji ilipoungua mwezi Mei 1945, vita ikiisha, kumbukumbu hizo hazikupotea. Mwaka 2024 kijiji kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kinastahili. Kwangu mimi, hata hivyo, urithi wake mkubwa ni hao watu wazima walioandika, miaka hamsini baadaye, siku waliyoagana na mama.

Nilimsimulia dada hayo kwa simu. Ana duka Tunduma, shemeji ni dereva wa lori, wiki mbili yuko Zambia au Kongo. Anajua kwamba Machi 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Anajua pia kuna nyumba karibu na shule fulani inayopokea watoto wadogo bila kuiita bweni. Nilimtajia mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali, unaomhusu mtoto mpaka miaka minane. Akanijibu, "Mdogo wangu, huo mpango utanifungia duka saa kumi na mbili?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba mtoto wa umri ule akiamka usiku na homa, anayetakiwa kuigundua ni mtu anayejua joto lake la kawaida, na mlezi mmoja mwenye watoto ishirini hawezi kulijua la kila mmoja.

Dada bado hajaamua. Fomu iko kwenye droo ya duka, na shule zinafunguliwa Januari. Bibi alipopata habari hakuuliza lolote kuhusu Wajerumani. Alituma ujumbe kwamba Nanyala kuna shule, na godoro lipo.