Wasichana Watano na Namba 76

Mkubwa wa gazeti letu aliniomba niandike juu ya kitu kilichonivunja moyo wakati nilikuwa mwanafunzi kama ninyi. Wengine watacheka, lakini nitasema kweli: ni wasichana watano wa Korea ya Kusini walioitwa Wonder Girls.

Mwaka wa 2009 nilikuwa katika darasa la tatu la sekondari. Yaya yangu alileta nyumbani disiki ya nyimbo za kila namna, na ndani yake mulikuwa wimbo «Nobody», uliotoka kwao mwaka wa 2008. Wasichana walivaa kanzu za kung'aa kama waimbaji wa Marekani wa miaka ya 1960, wakapiga makofi, wakanyoosha kidole. Sikujua hata neno moja la Kikorea. Hata hivi, kila mara umeme uliporudi, mimi niliwekaka ile disiki. Wenzangu walipenda rumba. Niliwaambia: «Mungojee tu, hawa watashinda dunia yote.»

Kumbe walikuwa wamekwisha kwenda. Bwana Park Jin-young, aliyeunda kikundi na kuwaandikia nyimbo, aliwapeleka Marekani. Tangu Juni 2009 waliimba katika safari ya Jonas Brothers, kama watangulizi. Maana yake, watu walinunua tikiti juu ya wengine, na wao waliimba kwanza. Wimbo wao ulitiwa katika Kiingereza, na disiki yake iliuzwa hata katika maduka ya nguo za wasichana.

Mwezi wa Oktoba, yaya alinipeleka kwenye siberkafe ya mjini kwa pesa tuliyoweka kidogo kidogo. Akanisomea: wameingia katika orodha ya Billboard, ile ya nyimbo 100 za Marekani! Nilirukaruka. «Namba ngapi?» «76.» Juma lililofuata hawakuwamo tena. Kwenye masomo wenzangu walinicheka: «Basichana bako balifikia wapi?» Mimi kimya.

Leo najua kwamba nilikosa kuona haya juu ya ile 76. Mbele yao hakuna kikundi cha Korea kilichowahi kuingia katika orodha ile. Lakini hasa si namba iliyonivunja moyo. Ni siku niliposikia wimbo katika Kiingereza. Kikorea sikukijua, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tatu, basi ningepaswa kusikia sawasawa. Haikuwa hivyo. Katika ule wa kwanza nilisikia watu walio kwao, wanaochezacheza na maneno. Katika ule wa pili nilisikia watu wanaochunga wasikose. Niliujua ule woga. Ndio woga wetu wakati mwalimu anatusimamisha kusema Kiingereza mbele ya darasa.

Tena walilipa bei kubwa. Januari 2010 ilitangazwa kwamba Sunmi, mmoja wa wale wadogo, ataacha kikundi apate kuendelea na masomo. Alikuwa na miaka 17. Wakati walipokuwa mbali, vikundi vingine kama Girls' Generation vilikamata mahali pao kwao Korea. Albamu ya Kiingereza iliyoahidiwa haikutoka kamwe. Mwaka wa 2017 kikundi kilivunjika.

Na ajabu ni hii: mwaka wa 2012 PSY aliimba Kikorea, akafika namba 2 katika orodha ile ile. Mwaka wa 2020 BTS walifika namba 1 kwa wimbo wa Kiingereza, «Dynamite». Kisha mwaka uo huo wakafika tena namba 1 kwa «Life Goes On», ambao karibu wote ni Kikorea. Kwa hiyo sitasema Kiingereza ni kibaya. Ule mlango ulifunguka pole pole, na wale wasichana ni kati ya waliousukuma kwanza.

Lakini niseme juu yangu mwenyewe, maana njo sababu ya kuandika. Mwaka ule ule, mimi na wenzangu watatu tulikuwa na wimbo wetu wa Kiswahili. Tuliposikia kwamba wageni watakuja kwenye sikukuu ya mwisho wa mwaka, tukaugeuza kwa Kiingereza. Wageni walipiga makofi kwa adabu. Mama yangu naye alipiga. Jioni, akichambua maharagwe, aliniuliza: «Ile wimbo ya kwanza muliiweka wapi? Ile njo nilikuwa najua.»

Sikuwa na jibu. Niliwakasirikia wasichana wa Korea juu ya kosa ambalo mimi mwenyewe nilifanya, tena bila kulazimishwa na mtu.

Wapendwa, jifunzeni Kiingereza, na Kifaransa pia, kwa bidii. Lakini siku mtakapoimba mbele ya wageni, kumbukeni kwamba mama zenu nao wako ndani ya chumba. Ninyi mnaonaje? Andikieni gazeti letu.